Neno la Bi Zuhura

Nilipokuwa mtoto, neno moja lilimtoa mpangaji katika ploti yetu ya Uthiru, na mpaka leo sijui kama mama yangu alilielewa neno hilo. Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima. Alinitazama, kisha akaniuliza kama chai imeiva.

Mpangaji huyo aliitwa Bi Zuhura, mtu wa Pwani, ambaye mumewe aliuza vitambaa Ngara. Kila Alhamisi jioni alifukiza ubani chumbani mwake. Sisi watoto tuliamini kwamba anayeuvuta moshi ule hupandwa na jini, kwa hiyo tulipita mlangoni pake mbio, tumebana pua. Aliyekohoa hakuruhusiwa kucheza nasi hadi kesho yake.

"Hiyo moshi mnafikiria ni ya mbu?" jirani yetu Mama Kamau alizoea kusema akianika nguo. "Mbu gani hiyo inakuja Alhamisi pekee?"

Wakubwa walicheka, nasi tulikichukua kicheko chao kuwa ushahidi.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume, naye hakumaliza wiki. Siku tuliyomzika, wanawake walijaa sebuleni, wakaimba na kuomba. Bi Zuhura aliingia taratibu, akavua viatu, akaketi sakafuni karibu na mama na kumshika mkono.

"Usilie sana, mwanangu," alisema. "Kitoto chako kiko peponi. Kinakungoja."

Kanisani kwetu tuliwajua pepo wa aina moja tu, wale waliokemewa kila Jumapili watu wakianguka chini. Shosho, mama yake baba na mwenye ploti, alisimama.

"Mmesikia na masikio yenu? Amesema mtoto yetu iko kwa pepo! Na ati inangojea mama yake!"

Bi Zuhura alitazama huku na huku, kama mtu aliyekanyaga kitu asichokiona. "Peponi, bibi," alisema. "Peponi."

Kadiri alivyolirudia ndivyo wanawake walivyosogea mbali naye. Mimi nilijificha nyuma ya Mama Kamau. Mama alibaki palepale, mkono wake ungali katika mkono wa Bi Zuhura.

Miaka mingi baadaye nilihudhuria ibada ya mazishi ya mfanyakazi mwenzangu, karibu na Adams Arcade. Mchungaji alisimulia habari za yule mwizi msalabani, jinsi alivyoahidiwa kuingia peponi siku ileile. Uso uliniwaka mbele za watu. Shosho alizijua habari hizo kwa moyo, ila alizijua kwa Kikuyu. Yeye na Bi Zuhura walikuwa wamempeleka mtoto yule mahali pamoja.

Simlaumu Shosho. Alikuwa amezika mjukuu, na uchungu hushika chochote kilicho karibu. Kinachonitia aibu ni kwamba sebule ilijaa watu na hakuna aliyesema, "Una maana gani?" Maswali juu ya Bi Zuhura tulikuwa nayo tele, ya moshi, ya mbu, ya Alhamisi. Tuliulizana wenyewe kwa wenyewe, yeye hatukumuuliza hata moja. Hata sasa, neno la mtu likinichoma, jibu hunijia kabla ya swali, na inanibidi nilimeze jibu hilo kwa nguvu. Mara nyingine nashindwa.

Jioni ya siku ile tuliyomzika mtoto, Shosho aliamua Bi Zuhura aache chumba kabla ya Jumapili. Hakwenda kusema mwenyewe. Alidai Kiswahili chake si kizuri. Baba aliinamisha kichwa. Basi akatumwa mama, nami nikamfuata.

Bi Zuhura alifungua mlango, akasogea kumpisha.

"Ingia ukae kitako," alisema. "Mzazi wa juzi hasimamishwi mlangoni."

Mama alimwambia neno la Shosho akiwa amesimama.