Fundi Rangi Aliyepaka kwa Kanzu

"Nitapaka sebule nzima, dari mpaka sakafu, nimevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Tone moja likinigusa, nipakeni rangi ya mafuta mwili mzima, nitembee hivyo mpaka Mlandizi!"

Maneno hayo Jumbe aliyatamka kwa sauti pale Tangini, kwenye benchi la mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya mafundi rangi kumi na mmoja, muuza kahawa na Castory, mkongwe wao. Watu walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Fundi rangi msafi? Kibaha hii? Huku ukienda kuomba kazi suruali haina madoa, mwenye nyumba anakuuliza kama wewe ni fundi au mpambaji wa maharusi. Wapo vijana wanaojipaka rangi wenyewe kabla ya kwenda kuonana na tajiri.

Castory alisubiri kicheko kiishe. "Papai limeongea," akasema. Wakaanza upya.

Hilo jina la Papai alilipata Mkuza, miezi kumi na minne nyuma. Castory ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi, na ngazi yake ilikuwa ile inayojulikana mji mzima: mapipa mawili na ubao mmoja juu yake, umeliwa na mchwa nusu, nusu nyingine wameiacha kwa huruma. Jumbe alimwambia ubao una ufa.

"Ufa uko moyoni mwako," Castory akajibu. "Panda."

Akapanda. Hajapaka hata hatua mbili, ubao ukakatika, akashuka pamoja na ndoo. Alipofumbua macho alikuwa chali kwenye vigae, mfupa wa bega umesimama kama kigingi cha mbuzi, na sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya Castory: "Jamani, rangi ya watu!" Wakazoa rangi kwanza. Yeye walimzoa baadaye. Jioni ile Castory akatangaza benchini kwamba Jumbe ni papai, huanguka bila kutupiwa jiwe.

Bega lilipona kombo. Mkono wa kulia ukagoma kupita sikio, na fundi rangi ambaye mkono haupiti sikio atapaka nini, vizingiti? Ilibaki aidha atafute namna nyingine ya kupaka, au arudi Dutumi kwenye mihogo ya baba yake, na Castory amsindikize kwa kicheko. Mihogo angeivumilia. Kicheko, hapana.

Wengine chuki huwakondesha. Jumbe ilimsomesha. Asubuhi moja alitoka nje akaing'oa antena ya televisheni na bomba lake lote.

"Baba Anifa, sasa tutaangalia nini?" mkewe, Rahma, akamuuliza.

"Niangalieni mimi."

"Wewe hata habari huna."

Bomba lile lilikuwa jepesi na refu. Akafunga rola kwenye ncha yake. Mikono ikabaki kifuani, rola ikatembea darini, na bega halikulalamika. Rangi ilipomdondokea usoni, akachana dumu la mafuta ya kula, akalikalisha chini ya rola kama kibakuli. Ilipodondoka pembeni, akalipanua dumu. Kwa kona za dari akafunga brashi kimshazari kwa klipu ya mpira wa maji, na ubavuni mwake kipande cha bati ili mstari usipinde. Msasa nao akauvisha kwenye sifongo yenye maji, kuta zisuguliwe bila vumbi. Kuta za chumba chake mwenyewe zilipakwa mara tisa. Rahma alisema chumba kimeanza kuwa kidogo.

Ndipo akasikia kwamba Kisarawe kuna mwalimu mstaafu, Genoveva, mwenye nyumba mbili pacha za kupangisha, na kazi zote mbili kapewa Castory. Jumbe akafunga safari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mwalimu akamkagua kuanzia kichwani. "Mbona umetakata hivyo?"

"Nipe nyumba moja, Mwalimu. Nyingine mwachie Castory. Atakayekuwa wa mwisho asikanyage tena kwako."

Mtu aliyesahihisha mitihani miaka thelathini hawezi kukataa mtihani. Akakubali. Jioni ile Jumbe akapita benchini Tangini, ndipo alipoapa ile habari ya kanzu.

Jumatatu wakaanza, Castory na vijana watatu huku, Jumbe peke yake kule. Wale walisugua kuta kavu. Saa nne walishafanana na watu waliotoka mashineni kusaga unga, na vikohozi vyao vikawa vinaitikiana. Jumatano walikuwa bado wanahamisha mapipa chumba hadi chumba. Jumbe hakuwa na cha kuhamisha. Mpaka Alhamisi jioni alibakiza sebule, mkono wa mwisho wa rangi.

Ijumaa akaja na kanzu.

Vijana wa Castory walipomwona anaingia sebuleni vile, waliacha brashi zikielea ndooni wakakimbilia dirishani kwake. "Rudini kazini!" Castory akafoka. Hakuna aliyegeuka. Kwa hasira akapanda mapipa mwenyewe, na umri wake ule. Akafika juu, ubao ukanesa, goti likaanza kutetemeka, akashindwa kwenda mbele, akashindwa kushuka.

"Nishikieni ubao! Nyie! Nishikieni!"

Jumbe alimsikia, tena vizuri sana. Alichovya rola akaendelea.

Castory alishuka kwa kujiburuza ukutani, na rangi mbichi yote ya ukuta ule ikahamia tumboni kwake.

Saa sita Jumbe alitoka nje, akanyoosha mikono. Vijana wakamzunguka wakaikagua kanzu kama maofisa wa forodha: kola, mgongo, pindo. Nyeupe tupu. Mwalimu naye akaenda sebuleni, akapita na soksi zake sakafuni, akarudi na soksi safi. "Castory," akasema, "kusanya mapipa yako."

Msikitini, wakati wa kutawadha, Jumbe akakunja mkono wa kanzu akaliona: tone moja, kwa ndani, dogo kama punje ya ulezi. Akalikunjia humohumo. Rahma alilikuta wakati wa kufua, akamtazama mumewe, akasugua mpaka likatoka.

Kabla mwezi haujaisha, wale vijana watatu walikuwa Mkuza, kwenye kibanda ambacho Jumbe alishaanza kutengenezea mipini mirefu ya rola ya kuuza. Kisha wakaja wengine wa benchini. Castory alikuja wa mwisho, anachechemea.

"Mdogo wangu, nami nipatie mmoja. Magoti haya hayapandi tena."

"Foleni ile pale, mzee wangu."

Akasimama nyuma ya vijana aliowafundisha yeye. Zamu yake ilipofika, Jumbe alimfundisha mbele yao wote, nusu saa nzima. "Usiukamate kama jembe. Shusha mabega. Hapana, anza tena. Tena." Castory akaanza tena, jasho linamtiririka, vijana wanang'ata midomo wasicheke. Alipoweza, akauliza bei.

Wenzake wote walinunua kwa elfu thelathini na tano. Yeye alinunua kwa elfu sabini.