Kitambaa Chekundu Kilichobaki Mfukoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa fyekeo, gambuti kubwa kuliko miguu yangu, na agizo moja. Tulikuwa vibarua kumi na wawili wa mkandarasi wa usafi, tumepanga mstari kando ya mtaro huko Kawangware. Nyapara, yaani kiongozi wa kikosi, alitutazama mmoja mmoja akasema, "Jicho lisichague. Kitu ambacho mkandarasi hakupanda, hilo ni gugu."

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Kufyeka ni kukata majani juu ya ardhi. Kung'oa ni kutoa mpaka mzizi, na kulifanywa pale tu mtaro ulipoziba. Nyapara alitangulia mbele ya kikosi akiwa na vitambaa vyekundu mfukoni. Penye bomba la maji au kigingi cha mpaka alichomeka kijiti, akafunga kitambaa, na wafyekaji wakaparuka. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Baada ya miaka mitatu nikawa nyapara mwenyewe, nikahamishiwa Kibera, ukanda wa Soweto West hadi Kianda. Jiji nilikuwa nimelijua. Nilitoka magharibi mwa nchi na Kiswahili kizito. Sasa nilisalimia watu kwa "niaje" kama mzaliwa wa mtaa wa Riruta, na mbele ya wenzangu nilikula sukuma wiki tu. Mboga chungu za kwetu nilizila chumbani, mlango umefungwa.

Nilizinunua kwa Mama Nekesa, mama wa kwetu aliyenilisha mwezi mzima kabla sijapata kazi. Alilima kipande kando ya mtaro, Soweto West: saga, managu, na hasa miro, mboga ya maua ya manjano inayopikwa kwa maziwa. Mbegu alikuja nayo kutoka nyumbani, imefungwa pembeni mwa leso. Kila msimu aliacha mistari miwili ya miro ikauke iliposimama, mpaka maganda yakalia kama kayamba upepo ukipita. Wanawake wengi wa Kibera walipata mbegu kutoka mistari ile. Mwaka huo mvua ilikosekana kwetu, kwa hiyo hakuwa na pengine pa kupata mbegu hiyo.

"Mwanangu," aliniambia, "watu wako wakifika, hiyo miwili niangalilie."

"Nimesikia, mama."

Tulifika hapo Jumanne. Siku hiyo Msimamizi wa Kanda, mkubwa wangu, alikuja kukagua kwa miguu, jambo ambalo hakulizoea. Alisimama mbele ya mistari ile mikavu.

"Wafula, hii takataka ni nini?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika kitambaa.

"Si wewe ni mtu wa huko magharibi?" aliendelea, akiwageukia wafyekaji. "Hawa kila jani kwao ni mboga. Ukiacha maua yako nje, jioni yako kwa sufuria!"

Kikosi kikacheka. Nami nikacheka.

"Hapana, mkubwa. Hizo ni magugu tu. Mimi nakula sukuma kama watu."

"Eeh! Nyapara amekuwa mtu wa town!" mmoja akapiga kelele.

"Basi ng'oeni," Msimamizi akasema.

Mtaro haukuwa umeziba. Hakuna aliyenitishia kazi. Vijana mnaosoma haya msinitafutie udhuru, kwa maana mimi nimeutafuta miaka mingi na sijaupata. Niliogopa kuchekwa, basi. Maganda yalilia yakitupwa kwenye toroli, na mlio huo niliujua tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Nekesa alinifuata uani mwa kanisa. Akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na mbegu, konzi moja hivi.

"Nimechakura jaani siku tatu," alisema. "Nasikia mkubwa wako alikuwa hapo. Usijilaumu, baba. Najua ulijaribu."

Hapo ndipo ningesema ukweli.

"Nilijaribu, mama," nikajibu.

Akanimiminia nusu kiganjani. "Kaa nazo huko kwako, mahali wakubwa hawafiki. Mbegu hailazwi nyumba moja."

Nilizipanda nyuma ya vyumba vya ploti niliyopanga Kawangware. Mwenye ploti, mama aliyezaliwa hapohapo mtaani, alikunja uso: "Wafula, unanifugia msitu?" Msimu wa pili akauliza zinapikwaje. Wa tatu akapanda zake, na majirani wakaomba. Leo miro inauzwa sokoni hapo karibu na sukuma wiki, na wazee wa Kawangware huniambia, "Wewe ndiye ulituletea." Mimi hukubali kwa kichwa.

Mama Nekesa nilimrudishia kopo zima la mbegu, akanibariki mbele ya kanisa. Baadaye alirudi nyumbani magharibi, akazikwa huko, bado akiamini nilimtetea.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa Kanda. Kwenye sherehe walinisifu kwa uaminifu, na mke wangu akashangaa kwa nini nilitazama chini.

Sasa nina bustani ndogo mtaa wa Satellite. Kila msimu naacha mistari miwili ya miro ikauke iliposimama. Hakuna mfyekaji anayefika huku. Hata hivyo nachomeka kijiti kando yake, na kufunga kitambaa chekundu.