Chuma Kiunoni Mwangu

Harufu ya oili chafu ya gari bado hunirudisha utotoni. Wenzangu wakipita gereji huziba pua. Mimi husimama kwanza nihakikishe hakuna mtu aliyelala chini ya gari. Mwanangu hunicheka. Na acheke.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Shika Adabu, huko Likoni. Baba alikuwa na gari kuukuu la Kifaransa alilolipenda kupita kiasi. Mama akisema mke mwenza angalau ana zamu, lile gari halikuwa na zamu.

Kizibo chake cha oili hakikufunguka kwa spana. Katikati kilikuwa na tundu la pembe nne, na Baba alikuwa amechongesha chuma maalumu cha kuingia humo, kifupi, kizito, kinajaa kiganja. Nyie, hakuna kitu kilichopasua kungu, zile kokwa ngumu za mkungu, kama kile! Baba alikuwa ametuonya sote nyumbani, "Atakayegusa vyuma vyangu atanitambua," na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Mkono wake niliujua.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipasua kungu zangu, Baba akaamua kumwaga oili. Akaazima jeki kwa jirani, akainua gari, akalikalisha juu ya mawe mawili ya kujengea, yale meupe ya matumbawe, kisha akarudisha jeki ya watu. Mama alipomuuliza kama yatahimili, alijibu, "Yamebeba nyumba nzima, yashindwe na gari?" Ndipo akakitafuta chuma chake, asikione.

"Mwanasha!"

"Abee, Baba."

"Hujakiona chuma changu?"

"La, Baba." Nacho nimekifutika kiunoni, ndani ya leso, baridi yake naisikia tumboni.

Akajaribu spana, hazikushika. Akajaribu bisibisi, ikapinda. Mwisho akachukua tindo na nyundo, akajiingiza chali chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu, akaanza kugonga.

Pigo la kwanza, nikaona unga mweupe ukidondoka kutoka kwenye jiwe moja. La pili, ufa ukaonekana. Jiwe lile huchongwa kwa shoka, jamani. Uzito uliotulia halina neno nao, lakini kutikiswatikiswa halistahimili. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba jiwe linamong'onyoka, na kwamba nikipiga kelele Baba atatoka, na akitoka ataliona lile tuta kiunoni. Nyundo ikapiga mara ya tatu, ya nne, ya tano. Gari likalia.

"Baba, ninacho mimi! Chuma ninacho mimi!"

Kisha akatoka polepole, uso umejaa masizi, mkono tayari. Kofi lilikuwa njiani, wallahi, jiwe lilipopasuka. Gari likaketi chini kwa kishindo, pale pale alipokuwa amelaza kifua chake.

Mkono wa Baba ukabaki hewani. Akaketi mchangani, akanivuta, akanikumbatia mpaka pumzi zikanipaa. Nikadhani ndiyo adhabu yenyewe.

Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama alichinja kuku. Ustadhi wa madrasa alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, msema kweli mpenzi wa Mungu. Nami kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa kuchukua chuma, na kwamba nilikwisha kulilipa.

Nilipozaa ndipo nilipoelewa. Ufa niliuona tangu pigo la pili. Baada ya hapo Baba aligonga mara tatu, na kila mara nilipima uhai wake na kofi lake, na kila mara nikaliogopa kofi zaidi.

Baba alifariki akinisifu kwa wageni. Sikumwambia. Nimewaambia nyinyi.