Reviewers waliisifia laptop, mimi nikaipeleka machimboni Nyanungu: yaliyonikuta

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, nakula vya wenzangu bila kuchangia. Leo nalipa fadhila.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Wahusika wawili ninaotaka kuwashukuru wapo hai hapa Tarime, wanakula ugali wao kama kawaida.

Majina ya brand sitaji. Nawajua, mtaacha mada na kuanza kugombana kama mashabiki wa mpira.

Mimi nina steshenari Nyamisangura, mjini. Natoa kopi, napiga picha za passport, nachapa barua. Rush ya dhahabu ilipopamba moto kule Nyanungu, kwenye mashamba ambayo juzi tu watu walikuwa wanalishia ng'ombe, kazi yangu kubwa ikawa kuwaandalia wachimbaji wadogo maombi ya leseni. Unazunguka eneo lao na GPS ya mkononi, unachukua pointi za kila kona, unachora ramani kwenye laptop, unatuma maombi mtandaoni.

Shika kitu kimoja hapo: anayetuma kwanza ndiye anayesikilizwa kwanza. Ukichelewa, mtu mwenye gari na pesa anaomba eneo hilo hilo, na wewe uliyechimba kwa mikono unageuka mvamizi kwenye shimo lako.

Basi laptop yangu ya zamani ikafa kioo. Nikasema safari hii sibahatishi. Mwezi mzima nikaangalia reviews, bando zikaisha, mke akaanza kuniuliza kama nasomea udaktari.

Zikabaki laptop mbili. Moja nyembamba, ya brand inayopendwa, tuiite Nyembamba. Nyingine nene, nyeusi, sura mbaya, tuiite Tofali. Specs karibu sawa.

Sasa wakuu, kuna jambo nililiona nikajifanya sijaliona.

Reviewer mmoja anayeheshimika sana alisema Nyembamba inapata joto kidogo, jambo la kawaida kwa mashine nyembamba. Baadaye akapima Tofali, joto karibu lile lile, akasema kampuni imefeli. Feni ya Tofali ikaitwa kelele. Ya Nyembamba ikaitwa "inasikika ukiipa kazi". Kwenye comments watu wakamuuliza kama kahongwa, na mimi nikawa mstari wa mbele kumtetea! Niliandika kabisa kwamba watu wana wivu.

Ukweli ni kwamba nilishaipenda ile nembo mgongoni. Nilitaka mteja akiingia dukani aione nembo kabla hajaniona mimi. Ujinga, najua.

Kabla ya kununua nikapita kwa Mzee Rajabu. Huyu ni fundi wa redio na simu hapa sokoni, baba yake alitoka pwani akaoa huku, na mkono wake ukigusa kitu kimekufa kinafufuka.

"Shikamoo, mzee." Nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Marahaba. Hiyo sijawahi kuifungua."

"Ni mpya, mzee. Ya nini kuifungua?"

"Huku kwetu kila kitu hufunguliwa, mwanangu. Vumbi haliulizi umri." Akaendelea na redio yake.

Nikamwona mtu wa zamani. Nikaenda Sirari, mpakani na Kenya, jamaa wa dukani akanipokea kwa Kikenya, "Brathe, hii ndiyo maboss wanabeba." Nikaibeba kama boss.

Mjini ilifanya kazi vizuri mno, siwadanganyi. Nikawa namwambia kila mtu.

Kisha kikaja kikundi cha Mama Bhoke. Huyu mama ana maneno machache na mikono mikubwa, na ndiye kiongozi wa watu kumi na wanne, wengi wao akina mama wa kuponda mawe na kuosha mchanga. Walikuwa wamechimba miezi wanaambulia mawe matupu, ndiyo kwanza wamegusa mwamba wenye dhahabu. Na wiki hiyo hiyo mtu mmoja wa mjini, mwenye gari, alionekana anatembea kwenye mipaka yao na GPS mkononi.

Wakaniita mbio. Siku tatu nilizunguka nao kwenye miiba kuchukua pointi. GPS yenyewe ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe aliitaka, kwa hiyo nikaimwaga yote kwenye laptop, nikaifuta, asubuhi nikairudisha kwa basi la Musoma. Kwenye daftari sikuandika kitu. Niliona daftari ni ushamba.

Mchana nikakaa chini ya turubai nimalizie ramani. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ilikuwa hatua kama ishirini kutoka nilipo, inasaga mawe makavu. Vumbi lake ni jeupe na laini, linaingia hata kwenye kope. Na Nyembamba inavuta hewa kwa chini.

Feni ikaanza kulia. Nikaipiga kakofi kadogo. Ikazima.

Nikaiwasha, ikazima. Nikaiwasha tena, haikuitika kabisa.

Pointi zote za watu kumi na wanne zilikuwa mle ndani na siyo mahali pengine popote duniani. Nilimwendea Mama Bhoke pale alipokuwa anaosha mchanga kwenye karai, nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea matusi. Wakurya mnatujua.

Akauliza tu, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "nani alikwambia hiyo mashine ni nzuri?"

"Kuna watu wanapima mashine mtandaoni, mama."

"Na wao waliitoa wapi ya kupima?"

Nikakumbuka kuwa mwanzo wa kila video jamaa husema wametumiwa na kampuni. Nikamjibu hivyo.

Aliweka karai chini. Akacheka mpaka wenzake wakageuka.

"Wewe umezaliwa kwenye mawe! Unanunua kwa jiwe la mwenye duara?"

Kwa wasiojua, duara ndiyo shimo la kuchimbia. Mnunuzi wa mawe akija, mwenye duara humpa jiwe mkononi, zuri, linametameta. Mnunuzi mwenye akili hulipokea, anashukuru, analiweka pembeni. Kisha anaingiza mkono wake mwenyewe mpaka chini ya kiroba, anatoa jiwe asilochaguliwa, analiponda kwenye kinu, anaosha kwenye karai na kuangalia kilichobaki. Mtoto wa darasa la pili huku anajua hilo. Mimi nimelijua kabla ya kujua kusoma, na bado nikalisahau kwa sababu mtu aliongea Kiingereza mbele ya taa nzuri.

Mama Bhoke akavua kitenge chake cha juu, akaifunga laptop ndani, akanisukumia kwenye bodaboda.

"Nenda kwa anayejua. Kugomba tutagomba ukirudi."

Njia nzima nilikuwa naomba Mungu. Nilipofika kwa Mzee Rajabu nilisalimia hata bila kumtazama usoni. Aliijua ile mashine, lakini hakusema "si nilikwambia". Hilo peke yake namshukuru mpaka leo.

Ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Akaazima draya ya saluni ya jirani, akaipuliza kingoni mpaka gundi ikalainika, akaifungua taratibu kwa kadi ya plastiki. Feni haikuonekana. Vumbi na unyevu vimeshikana vikawa saruji. Alisugua kwa brashi na spiriti, anapumzika, anasugua, na mimi nammulikia kwa tochi ya simu.

Alipoiwasha ikawaka. Mfuniko haujarudishwa, feni kubwa ya mezani inaipuliza tumbo wazi. Akaniambia, "Fanya unalofanya, usijisifu bado."

Nilimalizia ramani pale pale juu ya meza yake, katikati ya redio mbovu, nikatuma maombi jua likiwa bado juu. Baadaye tulisikia yule wa gari alituma kesho yake.

Leseni ilipotoka niliichapa nikaipeleka Nyanungu. Mama Bhoke hajui kusoma, akaniambia nisome majina ya wanakikundi, yote kumi na manne. Nikasoma. Akasema soma tena. Mara ya pili kila aliyetajwa aliitika kama yuko darasani, na mama mmoja alipofikiwa alishindwa kuitika, alikuwa analia. Na mimi nililia, sina aibu.

Sasa reviewers walihongwa? Wakuu, siwezi kuapa. Huenda yule jamaa alipima kwa haki jiwe alilopewa, kwenye chumba chenye AC. Ila anayepewa mawe na mwenye duara kila mwezi huanza kumwonea huruma mwenye duara, hata asipopewa senti. Na mimi nilikuwa na upendeleo mkubwa kuliko wake, maana nilishachagua nembo, nikawa natafuta wa kuniunga mkono.

Siku hizi machimboni natembea na Tofali, la mtumba. Nilimwambia muuzaji fundi wangu alifungue kwanza, akanuna, lakini akakubali. Nyembamba ipo dukani mezani, kivulini, na huko ni mashine nzuri kweli. Na daftari ninalo.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwenye comments. Ukija kuandika "hii laptop ni nzuri", tuambie uliinunua au ulipewa, unaitumia wapi, na imekaa na wewe muda gani. Anayebisha naye karibu, mimi si malaika.

Mzee Rajabu, Mama Bhoke, hamuingii humu, lakini asanteni. Ilibaki kidogo niwapotezee watu kumi na wanne ardhi yao kwa sababu ya nembo, na ule ugomvi niliotishiwa hadi leo haujafanyika. Kila nikienda nawekewa chakula kwanza.