Binti yangu alichagua kuamia ndege shambani kuliko kwenda mazoezi ya mpira wa pete

Habari za mchana wakuu. Leo kazi imepoa, nikaona nilimwage hili jambo hapa kama lilivyotokea. Sijaongeza chumvi. Mkitaka kunicheka nichekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Ikwiriri. Binti yangu Zuhura ana miaka kumi na moja, anacheza mpira wa pete shuleni, ni mfungaji. Zamani siku za mazoezi hata chai alikuwa hamalizi.

Tatizo likawa mimi.

Mteja mmoja aliniambia mtoto mwenye shabaha ile anaweza kusomeshwa bure kwa ajili ya michezo. Akili ikahama wakuu. Kila jioni nikawa nafunga kazi mapema, nasimama nyuma ya goli na daftari. Akikosa naandika. Akifunga siandiki, maana niliona kufunga ndiyo kazi yake.

Tukikaa kula namsomea makosa yake. Mke wangu alinikanya, nikamwambia mambo ya mpira hayajui. (Yeye kacheza mpaka sekondari. Mimi ule mpira sijawahi hata kuushika.)

Ikaja likizo ya mwezi wa sita, mazoezi yanaendelea. Asubuhi moja Zuhura akaniambia, "Baba, naomba niende Chumbi kwa bibi nikamsaidie kuamia ndege."

Kwa msiojua, mpunga ukikaribia kukomaa ndege wanashuka makundi kwa makundi. Mtu anakaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu alfajiri mpaka magharibi, anapiga kelele na kurusha udongo. Sisi utotoni tulikuwa tunasingizia homa ili tusipelekwe. Huyu wangu anaomba mwenyewe.

Nikamruhusu, nikijua anamwonea bibi yake huruma.

Siku ya nne nikamfuata. Nilimsikia kabla sijamwona. Yuko juu ya dungu anafinyanga madonge ya udongo, anayatupia kwenye ndoo mbovu pale chini, na akikosa ndiyo anazidi kucheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia miezi.

Nikamwamkia mama yangu. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mtoto kaniuliza ndege wanakwisha lini. Nikamwambia tukishavuna. Akaanza kulia."

Niliona aibu wakuu, sifichi.

Nikapanda kule juu, nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama mpira bado anaupenda.

"Naupenda. Ila wewe ukija, siupendi."

Shule zilipofunguliwa akarudi mazoezini, mimi nikabaki kwenye pikipiki zangu. Akirudi simuulizi kafunga mangapi. Mwanzoni alikuwa ananipita kimya. Wiki iliyopita akakaa juu ya tairi, akaanza kunisimulia mwenyewe nani kaanguka, nani kavaa raba zote za kushoto. Mimi nikawa nakaza nati ambayo nilishaikaza, nikiogopa nikigeuka atanyamaza.

Nilichojifunza, mtoto akishaupenda mchezo, mzazi kazi yako ni raba na maji ya kunywa. Furaha yenyewe ni mali yake.

Uwanjani bado hajaniita, na mimi sijaomba. Wenye watoto wanaocheza, hasa mliowahi kuharibu kama mimi, ninyi mlisubiri muda gani?