Ukili Usioshonwa

Iweke hiyo simu hapo pembeni, mwanangu, haitakimbia. Nakumbuka Alhamisi moja, mimi nina vyerehani vitatu mjini, pale Ngamiani, na kichwa kimejaa nguo za watu za Idi, mama akanipigia kutoka kijijini kwetu, Mkwaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ukili umetimia," akasema. "Njoo tushone mkeka wako."

Ukili ni ile mikanda mirefu inayosukwa kwa miyaa, majani makavu ya kusukia. Mama aliisuka miezi na miezi, ikabaki kuishona pamoja upatikane mkeka. Angeweza kushona peke yake, lakini kwetu mkeka wa binti hushonwa na mama na binti, huyu upande huu, yule upande ule, na hapo ndipo mama husema yale asiyoyasema jikoni.

"Kuna maneno nataka kukwambia," akaongeza. "Si ya kwenye simu."

Nikamwambia baada ya Idi. Baada ya Idi zikaja sare za shule, baada ya sare zikaja harusi. Akinipigia, naibana simu begani huku mguu unakanyaga cherehani, naitikia ndiyo, ndiyo, wala sijui naitikia nini. Mwisho nikajiona mjanja. Nikanunua mkeka wa plastiki, wa maua mekundu, nikampa utingo wa basi ampelekee.

"Mama, usijisumbue tena na miyaa," nikamwambia.

Akanijibu, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie kazi."

Dua ile niliifurahia, mjinga mimi! Hakuniita tena.

Mvua za vuli zilipoanza, jirani yake, Bi Mwanahawa, alinipigia asubuhi, nikajua kabla hajasema. Nilifika jeneza limeshatoka. Wanawake wakasogea nipate pa kukaa, nikatazama nilipokalia, nikaona maua mekundu.

Ukili ulikuwa mvunguni, mabunda manne yamefungwa kamba.

"Macho yalishamchoka," Bi Mwanahawa akaniambia, "lakini hakukubali nimsaidie. Akisema huu ni wa binti yangu, atakuja."

Nikamuuliza kama mama alimwachia maneno yangu. Hakumwachia.

Nilifunga duka siku tatu. Siku tatu nzima, na wallahi hakuna mteja aliyetembea uchi! Kumbe siku zile zilikuwepo muda wote.

Ukili ninao mpaka leo, sijaushona. Nimezeeka nikijiuliza alitaka kuniambia nini. Pengine ni onyo, pengine alinikumbuka tu. Inaniuma, sikufichi.

Basi nasaha yangu ni hii. Anayekupenda akikwambia njoo, nenda kazi zikiwa bado zimejaa, maana hazitapungua. Usitume kitu kiende badala yako. Na ukifika, kaa, umpe macho yako na masikio yako.

Mungu akupe umri na wasaa, akukutanishe na mama yako akiwa bado ana la kukwambia. Haya, sasa ichukue simu yako. Mwambie kesho unakwenda, na kesho uende.