Barua Zisizokoma za Verna Haapala

Verna Haapala alikuwa mwanamke wa kufurahi kupita kiasi. Ukimwambia theluji imekoma mjini kwao Duluth, Marekani, anapiga makofi. Ukimwambia inarudi kesho, anapiga tena. Maisha yake yote alipanga ratiba za mabasi ya shule, na alipostaafu, mapenzi yake yote aliyahamishia kwenye skripti, yale maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta mara moja tu, kisha ikayatekeleza yenyewe huku yeye anakunywa kahawa.

Hakuwa peke yake. Palikuwa na kundi la wapenzi wa kompyuta, lililokutana kila mwezi katika chumba cha chini cha kanisa. Zamani walijaa. Sasa walibaki wachache wa kuhurumiwa, na Ardis Sundquist, mshika funguo za kanisa, alichoka kuwapashia chumba joto bure.

"Verna, mama, nakupenda lakini sikufichi," alimwambia. "Mkutano ujao wasipofika watu kumi, chumba nawapa washona mifarishi, yale mablanketi ya viraka. Wale wanajaa, na keki wanaleta."

"Watakuja mpaka ukose pa kuweka mguu!" Verna alijibu. Bila kundi lile, jioni zake zingebaki za kuongea na paka.

Akamwita mwanakundi mwenzake, Roald Tofte, fundi mstaafu wa meli za kubeba madini, wapange pamoja. Mada haikuwasumbua: skripti kwa wanaoanza, mwalimu Verna. Ilibaki kualika watu tu, na hapo ndipo ugonjwa wa watu wa aina yao ulipojitokeza. Simu chache zingemaliza kazi kabla kahawa haijapoa.

"Kupiga simu moja moja? Sisi?" Roald alisema, amekunja uso kabisa. "Aibu hiyo."

"Aibu tupu, mzee wangu!"

Wiki nzima wakaandika, wakafuta, wakagombana, wakachekana. Skripti yao ilimwita kila mwanakundi wa zamani kwa jina, ikamtajia hata hali ya hewa. Ilimpendeza Verna mpaka akaibusu skrini. Ijumaa akaiachia ifanye kazi, akaenda zake kwa dada yake kuoga mvuke kwenye sauna.

Aliporudi, majibu ya baruapepe yalikuwa yamefurika. Badala ya kuiagiza skripti itume mwaliko mara moja, alikuwa ameiagiza itume kila dakika.

"Verna, nimeshaelewa kuna mkutano," mmoja aliandika. Mwingine: "Bibi we, hata mkwe wangu hanisumbui hivi!"

Aliizima mbio mbio, kicheko kimembana hadi machozi. Kisha akakumbuka kwamba Ardis naye alikuwa kwenye orodha ya walioalikwa, na machozi yakawa ya kweli.

Siku ya mkutano alishuka ngazi za kanisa polepole. Akasukuma mlango, akaduwaa. Chumba kilikuwa kimefurika. Watu wale wako radhi kukosa chakula cha usiku kuliko kukosa kosa zuri la skripti.

"Tuonyeshe huo mstari wenye kosa!" walimpigia kelele. "Tafadhali useme hujaufuta!"

Ardis alikuwa amesimama mbele, mikono kifuani.

"Nimehesabu vichwa," alisema. "Kumi wamepita zamani. Chumba ni chenu." Verna alitaka kumrukia amkumbatie, Ardis akamzuia kwa kiganja. "Ngoja, sijamaliza. Kila wiki natuma tangazo la chakula cha kanisa, mtu mmoja mmoja, mpaka vidole vinakufa ganzi. Hiyo skripti yako inaweza kunisaidia?"

"Inaweza! Tena sana!"

Hapo hapo simu zote chumbani zikalia kwa pamoja. Ardis akaitazama yake. "'Mpendwa Ardis,'" akasoma, "'nje kuna theluji kidogo…'"

Verna akamgeukia Roald.

"Nilikuwa na nakala kwangu," Roald alinong'ona, masikio yamemwiva kwa aibu. "Nikaipanga ianze saa ya mkutano. Kuwakumbusha tu. Ule mstari… sikuugusa."

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Verna alicheka hadi akakaa sakafuni, akijua kwamba mwezi ujao watakuwa hapa, na mwezi ule mwingine pia. Ardis akavua koti lake, akavuta kiti hadi mstari wa mbele, akaketi kama mwanafunzi. Simu ikalia tena mkononi mwake.

"Haya, mwalimu, anza," akasema. "Inazimwaje?"